Aliyekula Jina la Kitenge

Sehemu ya tisa

"Allô? Ni nani?"

Kitenge aliibana simu sikioni kwa nguvu mpaka ikamuuma. Juma lililopita tulimwacha papo hapo, mbele ya dirisha la coopec ya Dilala, nyumba ya akiba na mikopo, amepiga namba iliyoandikwa kwenye deni ambalo hakulichukua.

"Allô! Unapiga na hausemi? Unité ya simu unaokotaka mu njia?"

Sauti hiyo aliijua. Ilikuwa imemwita shemeki kwa miaka kumi na miwili. Ilikuwa sauti ya Benoît, kaka mkubwa wa mke wake.

Akakata simu.

Abigaëlle, karani wa mikopo, alikuwa anamtazama usoni kama daktari anavyomtazama mgonjwa.

"Tata Kitenge, unamujua?"

"Namujua muzuri. Njo alikula mahari ya bibi yangu."

"Basi sasa amekula na jina yako."

Na jina, msomaji, ndilo lililomtupa nje ya kazi Jumatatu. Kitenge alikuwa ameendesha benne, lori la mgodini la tani mia moja, mbele ya wakaguzi wa kampuni, akapanda nayo ukingo wa shimo na kushuka bila kugusa jiwe. Daktari alimpima macho na mgongo, akapita. Ikabaki sahihi ya mkuu wa personnel tu, ofisi inayoajiri watu. Mkuu akafungua kompyuta, akasoma, akafunga. "Tata, uko mu orodha ya batu benye habalipake deni. Siwezi kukukamata ku kazi."

Sheria hiyo haikuwekwa na mjinga. Madereva waliokuwa wanauza mazout, yaani dizeli, ya kampuni kwa madumu walipokamatwa, karibu wote walikutwa na madeni shingoni. Tangu hapo kampuni inachungulia madeni ya mtu kabla ya kumpa ufunguo wa mashine. Mbwa mkali ni mzuri mlangoni, lakini safari hii alimng'ata mwenye nyumba.

"Sikuchukua hata dola moja hapa," Kitenge alisema.

"Najua. Lakini angalia."

Abigaëlle akasukuma karatasi chini ya kioo. Juu yake kulikuwa na maneno ya Kifaransa, yamepangwa vizuri, yanasema kwamba Kitenge anamtuma shemeji yake achukue mkopo kwa niaba yake. Chini kulikuwa na sahihi.

Sahihi ilikuwa yake. Haikuigwa. Ilikuwa yake kabisa.

Akakumbuka. Mwaka jana alimpelekea Benoît dosie ya kuomba kazi, kwa kuwa Benoît anafanya kazi katika ofisi ya personnel ya kampuni hiyo hiyo. Picha nne, kopi ya kadi ya mpiga kura, na karatasi nyeupe iliyotiwa sahihi chini.

Kolwezi nzima inafanya hivyo. Mwanaume anaweza kugeuza benne kwenye kona ya shimo, lakini barua ya kuomba kazi kwa Kifaransa cha kumridhisha chef inamtoa jasho. Basi anatia sahihi chini, na ndugu mwenye kalamu anamjazia juu.

Benoît alijaza juu.

"Ulisaini karatasi ya bule?" Abigaëlle aliuliza.

"Batu bote banafanyaka vile!"

"Njo maana batu bote banalia."

"Nifanye nini?"

"Ukishitaki, tunafungua enquête, tunachunguza. Siku makumi tisa."

"Liste ya kazi inafungwa Ijumaa saa sita!"

"Basi kuna njia moja tu. Ule mwenye alibeba makuta, ile pesa, akubali, aandike na mukono yake asema deni ni yake. Akiandika, mi nasafisha jina yako mu dakika kumi."

"Na hasipokubali?"

Abigaëlle akavuta karatasi yake. "Tata, uliona wapi mwizi anajifunga kamba yeye mwenyewe?"

Ilikuwa Jumatano.

*

Mado, mke wa Kitenge, alikuwa uani anachambua mboga za lengalenga. Mumewe alipomaliza kusema, alitikisa kichwa.

"Yaya Benoît? Kaka yangu? Hawezi. Ana kiburi, ni kweli. Mwizi, hapana."

"Soma tarehe."

Kitenge alikuwa amepewa kopi. Mado akapangusa mikono kwenye kitenge chake, akaichukua, akasoma. Kisha akasoma tena.

Tarehe kumi na tatu mwezi wa tatu.

Siku hiyo Kitenge hakuwa Kolwezi. Alikuwa Kasaji, kifua wazi, anachimba kaburi la baba mkwe wake, mzee Lukusa. Na Benoît, mtoto wa kwanza wa marehemu, hakuwa Kasaji. Alikuwa ameacha kilio akapanda moto, pikipiki, kurudi Kolwezi, akisema anakwenda kumtafutia baba sanduku la heshima.

Alirudi nalo kweli. Sanduku lenye mishikio ya shaba, na magunia sita ya unga juu. Wanawake wa Kasaji walimpigia vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

"Na mi nilimupigia makofi," Kitenge alisema. "Mikono ingali na udongo ya kaburi, nikapiga makofi. Kumbe sanduku nilinunua mi."

Mado hakulia. Wanaomjua Mado wanajua kwamba akilia, kuna nafuu.

"Alikula mahari yangu," alisema polepole. "Sikusema kitu. Akakula shamba ya mama. Sikusema kitu. Sasa amekula kazi ya bwana yangu na batoto bangu."

Kitenge akasimama. Kwenye kona ya nyumba kulikuwa na mtaimbo. Akaukamata.

"Unaenda wapi na ile chuma?"

"Kumurudishia mishikio ya shaba."

"Weka chini. Ukimupiga, atapona. Watamufunga bandeji, watamuletea supu, utalala mu gereza na yeye atakula kuku. Mi sitaki Benoît aumie mugongo. Nataka aumie uso."

"Sasa?"

"Tutaenda mu biro yake, kwenye anatumika. Mbele ya chef wake. Aumie pale kwenye anavaaka cravate, ile tai yake."

*

Alhamisi walifika langoni pa kampuni. Mlinzi akachungulia orodha yake.

"Kitenge? Hapana. Monsieur Benoît amekataza."

Unaona? Benoît alikuwa ameshatambua nani alimpigia simu na kukaa kimya. Siku nzima ikapotea kwenye vumbi, malori yakipita na kuwatemea moshi. Jioni wakarudi Dilala kwa miguu.

Ijumaa asubuhi Mado alipika bukari, yaani ugali, na samaki, akafunga sufuria kwa kitambaa kikubwa, akamtwisha mumewe begani. Kitenge alivaa kofia ya sufu mpaka machoni.

"Mama Mado!" mlinzi wa zamu nyingine akaita. "Leo unaleta nini?"

"Chakula ya yaya yangu. Bibi yake amesafiri, anakonda."

"Na huyu?"

"Mubebaji. Fungua, mafuta inamumwangikia."

Mlinzi akafungua. Ndiyo hivyo, msomaji: lango ambalo halikufunguka kwa dereva mwenye miaka kumi na tano ya kazi lilimfungukia mbeba sufuria.

Saa tano kasorobo walisukuma mlango wa ofisi ya personnel. Mama Chancelle, mkuu mwenyewe, yule wa Jumatatu, alikuwa mezani, miwani imeshuka puani. Pembeni yake Benoît, shati jeupe, tai nyekundu, anapanga mafaili. Alipomwona anayevua kofia, mkono wake ulisimama hewani. Lakini mdomo wake ulikuwa na haraka kuliko mkono.

"Shemeki! Sasa unabeba masufuria? Benne ilikushinda?"

"Chakula si yako," Mado alimjibu. "Ni ya mama Chancelle. Wewe ulishiba zamani."

Chancelle akaweka kalamu chini. "Hapa si nyumba ya kilio. Museme kwa ufupi. Saa sita natuma liste."

Kitenge akaweka kopi mezani. Akaeleza: dosie, karatasi nyeupe, mkopo, tarehe, kaburi. Hakupamba kitu. Chancelle alisoma karatasi mpaka mwisho, akamgeukia karani wake.

"Benoît?"

Benoît akatabasamu kama shemasi.

"Mama, muangalie sinyatire, ile sahihi. Ni yake, hapana? Alinituma mwenyewe. Makuta yote nilimupatia mu mukono, akalewa nayo mu mabaa ya Musonoi. Sasa deni inamuuma, anatafuta mutu ya kupaka matope. Mi nahurumia dada yangu tu, kuolewa na mutu sawa huyu."

"Mwongo!" Kitenge akafoka.

"Usipige kelele mu biro," Chancelle akakata. "Sinyatire ni yako?"

"Ni yangu, mama. Lakini..."

"Lakini ni yako."

Benoît akaanza kupanga mafaili tena.

"Mama," Mado akasema, "munaangaliaka madeni ya bale banaomba kazi. Muangalie na ya huyu mwenye anawaletea majina."

Chancelle alifikiri kidogo. Kisha akaandika kwenye kompyuta. Kitenge akaona mwanga wa skrini ukicheza kwenye miwani yake, akafurahi furaha mbaya. Sasa atanaswa!

"Benoît hana deni," Chancelle alisema. "Hata moja. Jina yake ni safi."

"Safi sawa sahani ya padri," Benoît akaongeza, na safari hii alicheka wazi. "Mado, dada yangu, chukua sufuria yako, rudi nyumbani. Uliolewa na mutu ya deni. Zoea."

Mlinzi, aliyekuwa ameshagundua alivyodanganywa, akaingia akamshika Kitenge mkono. Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo. Kitenge alivutwa hatua moja. Ya pili. Ya tatu, akasimama kama benne iliyokanyagiwa breki.

Jumatano, ni nini kilimwonyesha mwizi ni nani? Si jina. Kwenye karatasi hakukuwa na jina lolote chafu ila lake mwenyewe.

"Mama Chancelle! Jina anaweza kuazima ya mwengine. Lakini simu anaibebaka mu mufuko yake. Usiulize jina. Uliza namba!"

Tabasamu la Benoît likafa. Lilikufa hapo hapo, na Chancelle aliliona likifa.

"Mwachie," alimwambia mlinzi. Akainua simu ya mezani, akabonyeza kipaza sauti. "Coopec? Munipatie mwenye anashugulikia mikopo."

"Ni mi, Abigaëlle."

Chancelle akaisoma ile namba polepole. "Niambie ni madeni ngapi iko na hii namba ya simu."

Vidole vikasikika vikigonga. Vikasimama.

"Mama Chancelle," Abigaëlle alisema kwa hasira, "hii madeni nilirisi kwa agent mwenye balifukuza. Kila mwezi bananikata prime, nyongeza ya mushahara, juu yayo. Na hakuna hata mutu mumoja aliniuliza namba, hata mi sikujiuliza. Iko sita. Majina sita, namba moja. Nakutumia liste."

Mashine ya kuchapa iliyokuwa pembeni ikaanza kukoroma. Karatasi ikatoka kidogo kidogo, mstari kwa mstari. Chancelle akainama, akasoma majina ya juu kwa sauti.

La kwanza, Kitenge. La pili, dereva wa Musonoi. La tatu, fundi wa matairi. La nne. La...

"Hawa bote nabajua," alisema. Uso wake ukabadilika. "Hawa bote balikuja hapa. Balifaulu test. Ni mi mwenyewe nilibafukuza, mi na kinywa yangu, nikabaambia beko na jina mbaya. Mumoja alipiga magoti pale pale kwenye unasimama, Benoît. Na wewe ulimupatia mouchoir ya kupanguza machozi!"

Benoît aliruka. Hakuruka kwenda mlangoni. Aliruka kwenye ukuta, akang'oa waya wa mashine. Mkoromo ukakatika, karatasi ikabaki imeng'atwa katikati, majina matano nje, la sita ndani.

Watu wa ofisi za jirani walikuwa wameshajaa dirishani.

"Mama," Benoît alisema, na sasa alikuwa amepiga magoti, tai imelala sakafuni. "Shemeki. Dada. Tumalize hapa. Mi naandika. Deni ya Kitenge nasema ni yangu. Anapata kazi leo. Lakini hasinishitaki. Nakuomba, shemeki, juu ya damu ya batoto bako."

Kitenge alimtazama kutoka juu. Alikuwa ameota sura hiyo usiku mbili mfululizo. Sasa aliipata, akaona haitoshi.

"Nakutaka mu gereza," alisema.

"Sikia, Kitenge," Chancelle akasema. "Mi siko tribunali ya kuhukumu. Ukishitaki, dosie yako inafungwa mpaka enquête iishe, na saa sita naandika mutu mwengine. Akiandika na ukikubali, nasaini saa hii. Bale bengine banne, kila mutu atajisemea, mi mwenyewe nitabaita leo. Yako ni yako. Chagua."

Saa tano na dakika thelathini na tano.

Alifikiria kodi ya nyumba. Alifikiria watoto waliorudishwa nyumbani kutoka shuleni mara mbili mwezi huo. Alifikiria pia vigelegele vya Kasaji.

"Aandike," alisema. "Lakini aandike na Kiswahili. Aseme 'niliiba.' Na asome nguvu, bale beko ku dirisha basikie."

"Shemeki, ile ni kunizika!"

"Kaburi najua kuchimba. Uliniona? Hapana, haukuwa pale. Andika."

Benoît aliandika. Aliyekuwa anaandika barua za mtaa mzima kwa Kifaransa cha kung'aa alikosa maneno ya Kiswahili, akafuta, akaandika tena. Kisha akasimama, akasoma.

"Mi, Benoît, niliiba jina ya shemeki wangu Kitenge..."

"Nguvu!" mtu akaita dirishani.

"Niliiba jina ya shemeki wangu Kitenge, nikachukua deni mu coopec. Deni ni yangu. Nitailipa."

"Mwizi!" sauti ya mwanamke ikajibu. "Na ya bwana yangu, ulipeleka wapi?"

Chancelle akapiga picha ile karatasi, akaituma. Wakangoja. Hakuna aliyekaa. Abigaëlle akarudisha neno moja tu: safi.

Saa tano na dakika hamsini. Ikabaki sahihi ya Kitenge, kwamba hatamshitaki Benoît kwa deni hilo. Akapewa kalamu. Akainama.

Nyuma yake, mashine ikakoroma.

Mado alikuwa amerudisha waya ukutani.

"Mado, acha!" Benoît alipiga ukelele ambao hakuupiga hata alipopiga magoti. "Acha ile karatasi! Dada, nakuomba! Jina ya sita haikuhusu!"

Akajaribu kumfikia. Mlinzi, ambaye alikuwa na aibu ya sufuria ya kulipiza, akamdaka kwa tai na kumkalisha. Karatasi ikaanguka. Mado akaiokota, akasoma kimya.

"Soma, Mado," Kitenge alisema.

"Lukusa," Mado akasoma. "Wa Kasaji. Retraité, mustaafu ya njia ya reli. Hajui kuandika. Alitia kidole, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu."

Chancelle hakuelewa. "Lukusa ni nani?"

"Ni baba yetu. Alikufa tarehe kumi na moja."

Dirishani wanaume wakavua kofia.

"Kidole yake ilikuwa na wino," Mado alisema. Alikuwa haongei na mtu yeyote. "Mi njo nilimuosha. Kidole kubwa ya mukono ya kuume, ilikuwa bluu. Nilisugua na sabuni, haikutoka. Nikazani ni dawa ya hopitali. Nikaibusu, nikaifunika."

Kitenge akatupa kalamu. "Kazi iende! Huyu hatoki hapa na karatasi yangu. Sisaini!"

"Saini."

"Mado!"

"Saini, bwana yangu." Akaiokota kalamu, akamtia mkononi, akamfungia vidole juu yake. "Ile karatasi inafunga mudomo yako. Yangu haifungi. Kamata kazi yako. Huyu ni wangu."

Kitenge akasaini. Chancelle akapiga mhuri kwa ngumi, meza ikaruka. Saa tano na dakika hamsini na saba Kitenge alikuwa dereva wa benne, na hakuna aliyempa mkono.

Mado alikuwa ameshaweka simu mezani, kipaza sauti juu. Ikaita. Kule Kasaji mama yake akaitika, na kuku walisikika nyuma yake.

"Mado? Kuko amani?"

"Mama, ita wazee bote. Baba tulimuzika na wino ku kidole. Benoît alikamata kidole ya maiti, akaitia ku karatasi ya deni. Kesho namuleta kwenu. Atasema yeye mwenyewe juu ya kaburi."

"Mado, kata ile simu," Benoît alinong'ona. Hakuwa anajitetea tena. Machozi yalikuwa yanamshuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana anasema kweli. "Kata. Si juu ya kuniokoa. Ni juu yako."

Kwenye simu kuku peke yao walisikika.

"Mwana yangu," mama akasema mwishowe, polepole, kama anayeungama. "Alikuambia ni nani alikuwa anashika mukono ya baba yako, wakati yeye anatia wino?"